Saratani ya Titi Inapohamia Tumboni

Saratani ya titi ikishatoka titini huwa na makazi yake ya kawaida: mifupa, mapafu, ini na ubongo. Njia ya chakula huingiliwa mara chache. Hata hivyo huingiliwa, na seli zilizozaliwa titini zinaweza kutua katika umio, katika mfuko wa chakula, katika utumbo mwembamba au mpana, hata karibu na njia ya haja kubwa, zikakua humo wakati titi lenyewe limetulia au lilikwisha kuondolewa zamani. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipitia kumbukumbu za wagonjwa 12,001 wa kati ya 1985 na 2000 ambao saratani yao ya titi ilikuwa imesambaa. Waliothibitishwa kwa kipimo cha kinyama kwamba imefika katika njia ya chakula, au katika utando unaofunika viungo vya tumbo, walikuwa 73 tu. Idadi ni ndogo, lakini ugonjwa wenyewe unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hufanana mno na maradhi ya kila siku: kiungulia, vidonda vya tumbo, kufunga choo, chango.

Uchunguzi wa maiti hukuta ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko unavyogunduliwa kwa walio hai. Yaani wapo wanawake wanaoishi nao, wanatibiwa kitu kingine, na wanaondoka bila jina lake kutajwa.

Aina ya saratani ndiyo inayoamua sana. Titi limejengwa kwa vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa na mifereji inayoyapeleka kwenye chuchu. Saratani nyingi huanzia katika mifereji. Aina ya vifuko ni kama 10 hadi 15 katika kila saratani 100 za titi zilizokwisha kupenya nyama ya pembeni, lakini ndiyo inayopenda tumbo. Uchambuzi uliochapishwa 1993 kuhusu wagonjwa 2,605 uliona njia ya chakula imeingiliwa kwa asilimia 4.5 ya wenye aina ya vifuko, na kwa asilimia 0.2 tu ya wenye aina ya mifereji. Aina hiyohiyo ya vifuko hupenda pia vifuko vya mayai ya uzazi na utando wa tumbo.

Tofauti hiyo hudhaniwa kutokana na gundi. Seli za kawaida hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Seli za saratani ya vifuko kwa kawaida zimeipoteza, kwa hiyo hazifanyi bonge. Hutembea moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita kwenye kijia cha shambani, na hupenya nyama bila kuibomoa. Ndiyo maana hata titini kwenyewe mwanamke anaweza asiguse uvimbe wowote, akaona tu ngozi imevutwa, chuchu imezama au upande mmoja umekuwa mgumu, na picha ya mamografia ikatoka safi. Zikifika tumboni hufanya vilevile: hutambaa ndani ya ukuta, chini ya ngozi laini ya ndani, zikiiacha ngozi hiyo nzima. Mfuko wa chakula hukakamaa polepole na kupoteza uwezo wa kutanuka.

Kwa nini seli zichague hapa na si pale? Daktari Stephen Paget wa London alijiuliza swali hilo 1889, baada ya kupitia kumbukumbu za maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya titi. Jibu lake lilikuwa kwamba seli za saratani ni mbegu, na mbegu haioti ila kwenye udongo unaoifaa. Mkulima wa bonde la Rufiji hahitaji kufafanuliwa zaidi: ardhi iliyolazwa tope na mafuriko huotesha mahindi ya mlau, yapandwayo maji yakishapungua, na mbegu ileile ikitupwa kwenye mchanga wa juu hunyauka. Sayansi ya leo imeongeza mengi juu ya wazo la Paget, lakini haijalitupa.

Dalili huja kwa unyenyekevu. Ya kwanza, ikiwa mfuko wa chakula ndio ulioguswa, mara nyingi ni kushiba upesi. Mama aliyekuwa akimaliza sahani ya wali kwa samaki anakula matonge matatu anasukuma sahani. Hufuata kichefuchefu, kujaa, kiungulia, maumivu chini ya chembe ya moyo, na kupungua mwili. Umio ukibanwa, chakula kikavu hukwama kifuani, na mgonjwa huanza kukishushia kwa maji. Utumbo ukiguswa, tumbo husokota na kuunguruma, choo hubadilika, mara kinafunga, mara ni kuharisha, mara kinatoka chembamba. Damu ikivuja kidogokidogo, mtu huishiwa nguvu na macho kuwa meupe bila kuona damu yoyote. Ikivuja kwa wingi kutoka juu, choo huwa cheusi, kinanata kama lami, na kina harufu kali. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi. Anayevitumia amwambie daktari, asije akaogopa bure au, vibaya zaidi, akapuuza choo cheusi cha kweli.) Utando wa tumbo ukiingiliwa, maji hujaa tumboni na nguo za kiunoni zinabana huku mikono na mashavu yakikonda.

Hakuna hata moja kati ya dalili hizo iliyo ya saratani peke yake. Wengi wanaolalamika kiungulia wana kiungulia tu. Vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria Helicobacter pylori ni vya kawaida sana Tanzania, na maji ya tumboni yanaweza kuletwa na ini lililoharibika au kifua kikuu cha tumbo. Mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi hapaswi kuishi akiliogopa tumbo lake kila linapounguruma. Kipimo cha busara ni muda na mwelekeo: dalili isiyoondoka kwa wiki mbili au tatu, inayozidi badala ya kupungua, inayorudi mara tu dawa ya vidonda inapokwisha, au inayoambatana na kukonda. Mwezi wa Ramadhani huficha mengi hapa, kwa sababu kupungua mwili na tumbo kuwaka hupewa sababu ya funga. Yakiendelea hadi wiki kadhaa baada ya Idi, sababu hiyo haitoshi tena.

Jambo linalowapoteza wagonjwa na waganga kwa pamoja ni urefu wa muda. Katika wagonjwa wale wa Mayo Clinic, kutoka kugunduliwa saratani ya titi hadi kugunduliwa tumboni ilipita wastani wa miaka 7. Saratani zinazolishwa na homoni ya estrojeni zina tabia hiyo ya kulala. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2017, wa wanawake 62,923 waliomaliza miaka 5 ya dawa za homoni wakiwa hawana ugonjwa, ulionyesha kuwa kati ya mwaka wa 5 na wa 20 ugonjwa ulirudi katika viungo vya mbali kwa asilimia 10 hadi 41 kutegemea ukubwa wa uvimbe wa mwanzo na idadi ya tezi za kwapa zilizokuwa zimeguswa. Miaka kumi baadaye mama amekwisha kuwa bibi, kovu limefifia chini ya kanga, na hakuna nyumbani anayeunganisha kovu hilo na sahani iliyoachwa nusu.

Kwa mkazi wa Nyamwage, wilayani Rufiji, pale barabara ya kwenda Utete inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Kilwa, tumbo linalosumbua huwa na ngazi zake. Kwanza huchemshwa mizizi ya chango. Kisha huja duka la dawa muhimu, na vidonge vya omeprazoli vinavyotuliza asidi kwa siku chache. Kisha zahanati, ambako mgonjwa hupewa dawa za vidonda kwa wiki mbili. Kila ngazi ina mantiki yake na hakuna wa kulaumiwa kwa kuanza chini. Tatizo huja pale mgonjwa anapozunguka kwenye ngazi hizo mara tatu, mara nne, kila mara akianza upya mbele ya mtu asiyejua habari za titi.

Kwa hiyo neno la maana kuliko yote linapaswa kutamkwa kabla tabibu hajaandika dawa: kwamba mwanamke huyu aliwahi kutibiwa saratani ya titi, mwaka gani, hospitali gani, na kwa njia gani. Neno hilo hukwama mdomoni kwa sababu zinazoeleweka. Mama aliyesindikizwa na mwanawe wa kiume hataki kutaja titi mbele yake. Aliyesindikizwa na mkwe hataki zaidi. Wengine husema waliwahi kuwa na jipu, au uvimbe, na tabibu huandika jipu. Msindikizaji mwenye adabu hutoka nje kwa dakika tano. Na mgonjwa asiyeweza kulisema anaweza kuliandikisha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa, ili lijisemee lenyewe.

Daftari hilo na vyeti vyake vina thamani ya dawa. Karatasi muhimu kuliko zote ni majibu ya kinyama cha titi, yaani taarifa ya patholojia, kwa sababu ndiyo inayotaja aina (ya mifereji au ya vifuko) na kueleza kama seli zilikuwa na vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na kama zilikuwa na protini ya HER2. Zinafuata taarifa ya upasuaji, orodha ya dawa alizotumia na tarehe alizoanza na kuacha, na namba ya faili la hospitali iliyomtibu. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti karatasi hufa kwa maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizihamisha familia nyingi za bondeni, na katika mbio kama hizo bahasha ya vyeti haiwi ya kwanza kukumbukwa. Mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri husaidia. Picha za kila ukurasa zilizopigwa kwa simu na kutumwa kwa ndugu wawili, mmoja akiwa mjini, husaidia zaidi. Karatasi zikipotea kabisa, hospitali kubwa hutunza kumbukumbu, na namba ya faili, au jina kamili na mwaka wa matibabu, huweza kuzifufua.

Safari ya uchunguzi huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapanda hadi hospitali ya wilaya iliyoko Utete. Huko vinaweza kufanyika vipimo vya mwanzo: wingi wa damu, ini, na picha ya ultrasaundi ya tumbo. Ultrasaundi huona maji, ini na vifuko vya mayai, lakini si chombo cha kuuchunguza ukuta wa mfuko wa chakula, na majibu yake yakiwa safi hayajafunga mjadala. Kipimo kinachohitajika ni endoskopia, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, au njia ya haja kubwa kama utumbo mpana ndio unaoshukiwa. Kwa ngazi ya rufaa, hospitali ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Ramani ina ucheshi wake, maana mgonjwa anayetoka kusini kwa barabara kuu hulazimika kupita Dar es Salaam ndipo aende Kibaha. Kwa saratani iliyokwisha kujulikana, ni halali kwa ndugu kumwuliza daktari wa wilaya kama rufaa inaweza kuelekezwa moja kwa moja Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, hasa ikiwa mgonjwa ana faili huko. 

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, kwenye barabara kuu mto Rufiji hauvukwi tena kwa kivuko, na basi la kutoka Kilwa au Lindi humfikisha mtu Mbagala, Dar es Salaam, siku hiyohiyo. Gharama kubwa kwa familia nyingi ni mahali pa kulala, chakula, na siku za kusubiri majibu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka inafaa kuwa na barua ya rufaa yenye muhuri, kadi ya bima kama ipo, kitambulisho, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Asiye na uwezo aombe kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, siku ya kwanza, kwa kuwa utaratibu wa msamaha wa gharama huanzia kwake.

Endoskopia ina mtego wake katika ugonjwa huu. Kwa kuwa seli hutambaa chini ya ngozi ya ndani, kamera inaweza kuona mfuko wa chakula wenye mikunjo minene au usiotanuka unapopulizwa hewa, bila kidonda chochote. Kinyama kinachobanduliwa juujuu kinaweza kurudi na majibu ya kwamba hakuna saratani. Mtaalamu anayejua historia ya titi huchukua vinyama vingi, tena vya ndani, kutoka sehemu moja. Asiyeijua historia hiyo hana sababu ya kufanya hivyo. Hapa ndipo lile neno lililokwama mdomoni Nyamwage linapolipa au kugharimu.

Mtego wa pili uko maabara. Seli za saratani ya vifuko, zikitazamwa kwa hadubini, zinaweza kuwa na umbo la pete yenye kito, kiini kimesukumwa pembeni. Saratani ya mfuko wa chakula yenyewe ina aina yenye umbo hilohilo. Mtaalamu wa patholojia huzitenganisha kwa rangi maalumu: vipokezi vya estrojeni na alama iitwayo GATA3 huelekeza kwenye titi, wakati CDX2 na CK20 huelekeza kwenye njia ya chakula. Fomu ya maabara inapaswa kuandikwa wazi kwamba mgonjwa alikuwa na saratani ya titi, na kinyama cha zamani kikipatikana kilinganishwe na kipya. Ni swali dogo ambalo ndugu anaweza kumwuliza daktari kwa heshima: je, imeandikwa kwenye fomu?

Tofauti hii hubadilisha matibabu yote. Saratani iliyozaliwa katika mfuko wa chakula, ikiwahiwa, hutibiwa kwa kuukata mfuko wote au sehemu yake. Saratani ya titi iliyohamia humo ni ugonjwa wa mwili mzima, na kukata mfuko hakuuondoi. Humwachia mgonjwa jeraha kubwa na ulaji wa shida. Kisu hubaki kwa dharura: utumbo ulioziba, uliotoboka, au damu isiyozuilika. Kwa ugonjwa wenyewe, silaha ni dawa zinazozunguka mwilini. Saratani ya vifuko kwa kawaida ina vipokezi vya estrojeni, na hiyo ni habari njema kiasi, kwa sababu hufungua mlango wa dawa za homoni: tamoksifeni, au letrozoli na anastrozoli kwa aliyekoma hedhi. Ambaye bado anapata hedhi anaweza kuhitaji pia kuzimwa kwa vifuko vya mayai, kwa sindano au kwa kuviondoa. Dawa mpya zinazoongezwa juu ya hizo zipo, ila bei yake huzizuia kufika kwa wengi. Ugonjwa unaokimbia, au unaotishia kiungo, huweza kuhitaji tibakemikali kwanza. Wenye HER2 wana dawa zao mahususi.

Matibabu haya hayaahidi kuung'oa ugonjwa kabisa. Huupunguza na kuushika, kwa miezi na mara nyingine kwa miaka, na mgonjwa akarudi kula. Dawa za homoni hazifanyi kazi kwa siku mbili. Huhitaji wiki kadhaa kabla tumbo halijaanza kulegea, na wengi hukata tamaa katika kipindi hicho. Vidonge vikitapikwa muda mfupi baada ya kumezwa, daktari aambiwe. Anayetumia dawa za mitishamba pia aseme, bila kuogopa kukaripiwa, kwa kuwa baadhi huumiza ini ambalo tayari lina kazi nyingi.

Jikoni kuna kazi ya kila siku. Mfuko wa chakula usiotanuka haujazwi kwa kulazimisha. Milo sita midogo hushinda mitatu mikubwa: uji wa mchele au wa ulezi uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa laini, tui, mayai, samaki wa kuchemshwa aliyetolewa miba, parachichi, ndizi mbivu. Maji yanywewe kati ya mlo na mlo, yasiujaze mfuko kabla ya chakula. Kama daktari amesema utumbo umebanwa, vyenye nyuzinyuzi huwekwa kando: kisamvu, mihogo mikavu, embe la nyuzi, mahindi ya kuchoma. Na bibi anayesukuma sahani asiambiwe anadeka.

Maumivu yana dawa, na mgonjwa hapaswi kuyavumilia kama mtihani. Mofini ya maji hutolewa chini ya uangalizi katika huduma za tiba shufaa, Ocean Road ikiwemo. Hufungisha choo, kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha, isipokuwa utumbo umeziba.

Zipo hali zisizosubiri kliniki ya mwezi ujao. Kutapika kila kinachoingia, tumbo kujaa huku choo na hewa vyote vimekatika, kutapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, choo cheusi kinachoambatana na kizunguzungu, macho kuwa manjano, au tumbo kuwa gumu kama ubao na kuuma kwa kuguswa: mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata ukiwa usiku, na asipewe chakula njiani.

Mara nyingine mpangilio hugeuka. Mwanamke asiyejua kuwa ana tatizo lolote la titi huja na tumbo, na kinyama cha tumbo ndicho kinachofichua titi. Kwa hiyo tabibu anayekutana na mwanamke mwenye mfuko wa chakula uliokakamaa, au maji ya tumboni yasiyo na maelezo, hufanya vyema kupapasa matiti yote mawili na makwapa kabla ya kumwandikia rufaa. Inachukua dakika chache, na haihitaji mashine wala umeme.

Baada ya matibabu kuanza, ufuatiliaji hutegemea zaidi mambo ambayo nyumbani wanaweza kuyapima. Uzito huchukuliwa mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile, hata ikiwa ni ya kupimia ufuta au korosho, na huandikwa daftarini pamoja na idadi ya milo, siku za kutapika, hali ya choo, na vidonge vilivyobaki kwenye pakiti. Vidonge huagizwa wiki mbili kabla havijaisha, na wakati wa masika mapema zaidi, kwa sababu mvua ikikata barabara hakuna anayejua basi litapita lini.